Elijah Masinde, aliyewarudisha vijana kwenye handaki la Chetambe

JINA la Elijah Masinde linapotajwa katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, watu wengi hukumbuka mambo matatu. Alikuwa mwanakandanda hodari, alikuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa, na alikorofishana na serikali ya mkoloni kisha akakorofishana na ile iliyomrithi mkoloni.

Jambo la nne halitajwi sana. Mnamo Septemba 1947, Masinde aliwaongoza wafuasi wake kwa maelfu kuwakumbuka wazee wao waliouawa na majeshi ya Waingereza mwaka wa 1895 katika ngome ya Chetambe. Ngome hiyo, iliyozungushiwa handaki na tuta la udongo, ilikuwa juu ya kilima kinachoutazama mji ambao leo unaitwa Webuye.

Miaka 22 ilipita baada ya mkutano huo kabla ya makala ya kitaalamu kuhusu ngome za Wabukusu wa mashariki kuchapishwa katika jarida la akiolojia la Azania, mwaka wa 1969. Jarida lenyewe lilikuwa halijaanzishwa wakati Masinde akihutubia watu wake.

Masinde hakuwa mtaalamu wa akiolojia. Hakupima handaki kwa kamba wala hakuhesabu vigae vya vyungu. Hata hivyo, alitambua jambo ambalo wataalamu wa leo wanalihubiri katika nchi nyingi: kwamba mabaki ya kale ni mali ya watu wanaoishi juu yake, na kwamba vijana wa mahali hapo ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kufundishwa maana yake.

Mtoto wa Maeni

Masinde alizaliwa Maeni, karibu na Kimilili, kati ya mwaka wa 1908 na 1912. Tarehe kamili haijulikani kwa sababu kuzaliwa kwa watoto wa Kiafrika hakukuwa kukiandikwa katika daftari lolote. Jamii yake ilihesabu miaka kwa njia nyingine.

Wabukusu hugawanya watu katika marika manane ya jando: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Tohara hufanywa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na mzunguko wa marika yote manane huchukua takriban karne moja kabla ya majina kuanza tena. Kwa hivyo mzee akisema jambo fulani lilitukia wakati rika fulani lilipokuwa likipashwa tohara, amelitaja kwa kalenda inayoweza kulinganishwa na miaka ya kawaida.

Kwa kalenda hiyo, vita vya Chetambe vilikuwa jambo la juzi Masinde alipozaliwa. Kijana aliyekuwa wa umri wa jando mwaka wa 1895 alikuwa bado ana nguvu zake. Wanawake waliotekwa na kurudi, na wanaume waliotoroka usiku kupitia vichakani, walikuwa ndio baba, mama, wajomba na shangazi wa watoto wa kizazi chake.

Ngome zenyewe nazo zilikuwa bado zinaonekana. Kwa Lubukusu huitwa chingoba. Katika karne ya 19 Wabukusu na majirani wao Watachoni walijenga vijiji vyenye kuta kwa sababu ya mashambulizi ya mara kwa mara kutoka kwa Wamaasai, Wateso na jamii za Wakalenjin. Walichimba handaki la kuzunguka kijiji, wakautumia udongo uliotoka humo kuinua ukuta kwa ndani, na wakaacha mlango mwembamba ambao watu na ng'ombe waliweza kuupita lakini adui wengi hawangeweza kuuvamia kwa pamoja.

Ndani ya ukuta palikuwa na nyumba, maghala na mahali pa kulaza mifugo. Watu walipohama, mbao zilioza na nyasi za paa zikapotea, lakini handaki lilibaki. Vilibaki pia vigae, majivu, mawe ya kusagia nafaka na mifupa ya wanyama. Mchungaji yeyote mdogo aliyepitisha ng'ombe wake hapo aliviona, na jioni akiuliza, palikuwa na mtu wa kumjibu.

Vita vya Lumboka na Chetambe

Chanzo cha vita kilikuwa bunduki. Waingereza walikuwa wameweka kituo Mumias, kwenye njia ya misafara ya kwenda Uganda, na kituo hicho kililindwa na askari wa Kisudani. Baadhi ya askari hao walitoroka na silaha zao, na bunduki kadhaa zikaingia mikononi mwa Wabukusu. Mwaka wa 1894 kikosi kilitumwa kwenda kuzirejesha. Kikosi hicho kilishindwa na karibu askari wote wakauawa.

Mwaka uliofuata Waingereza walirudi kwa nguvu kubwa zaidi. Charles Hobley, aliyekuwa ameanza kazi Mumias, alishirikiana na William Grant kutoka Uganda. Waliandamana na askari wa Kisudani, wapiganaji wa Kiganda, na washirika kutoka jamii za Wawanga na Wamaasai. Walikuwa pia na bunduki ya rasharasha, silaha ambayo kuta za udongo hazikuwa zimejengwa kuikabili.

Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza. Walionusurika walikimbilia ngome ya Chetambe, iliyochukua jina la mzee wa Kitachoni aliyeijenga. Hiyo nayo ilivunjwa. Mamia ya watu waliuawa, wanawake na watoto wakatekwa, na ng'ombe wakaswagwa. Baada ya hapo upinzani wa silaha wa Wabukusu ulikwisha, na utawala wa Mumias ukaenea hadi miguuni mwa Mlima Elgon.

Hobley aliyaandika hayo katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichochapishwa mwaka wa 1929. Wabukusu na Watachoni waliyahifadhi katika nyimbo, majina na masimulizi ya jioni. Hivyo kulikuwa na mashahidi wawili, mmoja wa kalamu na mmoja wa ulimi, na wote wawili walikuwa na upande wao. Shahidi wa tatu alikuwa kilima chenyewe.

Mpira, shule na mahakama

Masinde alisoma katika shule za misheni ya Marafiki, madhehebu ya Kikristo kutoka Marekani yaliyofika Kaimosi mwaka wa 1902 na baadaye yakaweka kituo Lugulu, si mbali na kilima cha Chetambe. Alibatizwa, akajifunza kusoma na kuandika, na akawa muumini kwa muda.

Umaarufu wake wa kwanza ulikuja uwanjani. Mwaka wa 1930 aliichezea timu ya Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage, mashindano yaliyoanzishwa mwaka wa 1926 na kufadhiliwa na kampuni ya sabuni. Kwa kijana kutoka Kimilili, kuvaa jezi ya koloni zima ilikuwa heshima isiyo ya kawaida.

Baadaye aliajiriwa kupeleka hati za kuwaita watu katika mahakama ya wenyeji. Kazi hiyo ilimtembeza kijiji hadi kijiji. Aliona jinsi watu walivyoitwa kwa makosa ambayo babu zao hawangeyaelewa: kutolipa kodi ya kichwa, kutokwenda kazi ya lazima, kutong'oa magugu yaliyopigwa marufuku na idara ya kilimo. Aliiacha kazi hiyo akiwa na uchungu.

Na kanisa pia aliachana nalo. Alipooa mke wa pili, wamisheni walimtenga. Kwa Masinde, hukumu hiyo ilikuwa ushahidi kwamba dini ya kigeni ilitaka kwanza Mwafrika aikane nyumba ya baba yake.

Kitale ya walowezi

Wakati huo huo, ng'ambo ya mto Nzoia, nchi ilikuwa imebadilika sura. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali iligawa mashamba makubwa ya Trans Nzoia kwa walowezi wa Kizungu, wengi wao wakiwa wanajeshi wastaafu. Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926, na mahindi ya walowezi yakapata njia ya kwenda sokoni.

Wasabaot, waliokuwa wakilisha mifugo yao katika uwanda huo, walisukumwa kuelekea mlimani. Malalamiko ya jamii hizo yalisikizwa na Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter mnamo 1932, lakini mashamba hayakurudi. Wabukusu wengi nao waliingia Trans Nzoia wakiwa vibarua na maskwota, wakilima kipande kidogo kwa kubadilishana na siku za kazi kwa tajiri.

Ardhi hiyo ilikuwa imejaa alama za watu wa kale. Katika Trans Nzoia, Uasin Gishu na miteremko ya Elgon kuna mabonde madogo ya mviringo yanayoitwa mashimo ya Sirikwa. Watafiti wamethibitisha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi, nyumba ikiwa imejengwa kando, na kwamba yalitumika kwa karne kadhaa kabla ya karne ya 19. Mlowezi alipolima shamba lake, plau ilipita juu ya mazizi hayo.

Mmoja wa walowezi alikuwa na hamu ya kukusanya. Kanali Hugh Stoneham alianzisha jumba lake la makumbusho Kitale mwaka wa 1926, mwaka ule ule reli ilipofika. Alikusanya vipepeo, ndege, vitabu na vifaa vya wenyeji. Mkusanyiko huo ulikuwa na thamani, lakini ulikuwa wake. Kijana wa Kibukusu au Kisabaot aliyefanya kazi katika mashamba hayo hakuwa na mlango wa kuingilia wala mtu wa kumwuliza kifaa cha babu yake kimefikaje kwenye kabati la kioo.

Dini ya Msambwa

Ni katika hali hiyo ambapo Dini ya Msambwa ilizaliwa, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Msambwa ni neno lenye maana pana: mizimu ya wazee waliotangulia, mila zao, na vitu vilivyotakaswa kwa jina lao. Masinde na wenzake walifundisha kwamba Wele, Mungu wa Wabukusu, alikuwepo kabla ya wamisheni, na kwamba Mlima Elgon, unaoitwa Masaba, ulikuwa mahali pake patakatifu. Wafuasi walielekeza sala zao mlimani, na ziwa lililo huko juu wakaliita Zayuni.

Mafundisho hayo yalichanganya Biblia na mila bila wasiwasi. Yalichanganya pia dini na siasa. Mzungu alitakiwa aondoke, ardhi irudi, kazi ya lazima ikome. Mwaka wa 1944 Masinde alipambana na maafisa waliokuja kutekeleza amri za kilimo. Alikamatwa, akahukumiwa, kisha akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa huko hadi Mei 1947.

Kumpeleka mpinzani Mathari kulikuwa na faida kwa watawala. Mfungwa wa siasa huwa na hoja inayohitaji kujibiwa, ila mgonjwa wa akili hajibiwi. Lakini watu wa Kimilili hawakuukubali uamuzi huo. Aliporejea nyumbani walimpokea kama mtu aliyeingia shimoni akatoka mzima.

Septemba 1947

Miezi minne baada ya kuachiliwa, Masinde aliitisha mkusanyiko wa kuwakumbuka wafu wa Chetambe. Wafuasi walikuja kwa maelfu, wengine wakiwa wamevalia kama wapiganaji wa zamani, na wakawakumbuka waliouawa kwa sala na kafara kwa mujibu wa mila.

Maafisa wa serikali waliona uchochezi tu, na kwa kweli Masinde alikuwa akichochea. Lakini mtu akitazama alichochagua, ataona hekima ndani yake. Angeweza kuwakusanya watu sokoni Kimilili, ambako wangefika kwa urahisi. Badala yake alilichagua tukio lililokuwa na alama yake ardhini, mahali ambapo kijana angeweza kuteremka ndani ya handaki, akaona kina chake, na akaelewa kwa miguu yake kwamba babu zake walikuwa wamejenga, wamepanga na wamepigana.

Wengi wa vijana hao walikuwa wamefundishwa shuleni kwamba historia ya nchi yao ilianza na kufika kwa wageni. Ramani zao ziliuita mji ulio chini ya kilima Broderick Falls. Jamii yao iliandikwa katika vitabu vya serikali kwa jina la Kitosh, ambalo wenyewe hawakulipenda. Handaki la Chetambe lilikuwa jibu lisilohitaji kitabu.

Masinde alifanya vilevile jambo ambalo kila mradi wa akiolojia ya jamii hujitahidi kulifanya. Aliwaweka pamoja, kwa kumbukumbu moja, watu wa umri tofauti. Wazee waliokuwa hai mwaka wa 1895 walikuwa bado wapo mwaka wa 1947, lakini walikuwa wakipungua. Miaka 52 ilikuwa imepita. Miaka ishirini mingine, na hakuna ambaye angeweza kusema aliyaona mambo hayo kwa macho yake.

Malakisi hadi Lamu

Serikali haikusubiri muda mrefu. Mapema mwaka wa 1948 wafuasi wa Dini ya Msambwa waliandamana mara kadhaa, wakiwataka wamisheni waondoke. Mnamo Februari 10, 1948, umati ulikabiliana na polisi Malakisi. Polisi walifyatua risasi na watu 11 wakauawa, wengine 16 wakajeruhiwa.

Siku chache baadaye Masinde alikamatwa. Dini ya Msambwa ilipigwa marufuku mwaka huo, naye akapelekwa kizuizini Lamu, mbali na mlima wake kadiri nchi ilivyoruhusu. Baadaye alihamishiwa Marsabit.

Dini yenyewe haikukoma. Ilienea hadi kwa Wapokot kupitia kwa Lukas Pkech. Mnamo Aprili 1950, huko Kolloa, Baringo, wafuasi wake walipambana na kikosi cha serikali. Pkech mwenyewe aliuawa pamoja na wafuasi wake wengi, na maafisa watatu wa Kizungu pia walipoteza maisha. Katika Trans Nzoia, moto ulioteketeza mali katika mashamba ya walowezi ulihusishwa mara kwa mara na Msambwa.

Hapa ndipo sifa za Masinde zinapogawanyika. Wapo wanaomwona shujaa wa uhuru aliyetangulia wengi. Wapo pia waliopoteza jamaa au mali katika ghasia hizo, na Wakristo wa Bungoma waliotishwa kwa sababu ya imani yao. Maisha yake hayawezi kusimuliwa kwa uaminifu bila pande zote mbili.

Uhuru usiomtosha

Masinde aliachiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kenya ilipokuwa ikielekea kwenye uhuru. Dini ya Msambwa iliandikishwa kisheria mwaka wa 1964. Wengi walidhani safari yake imefika mwisho mwema.

Haikuwa hivyo. Masinde aliendelea kudai kwamba mashamba ya Trans Nzoia yarudi kwa wenyewe bila kununuliwa, na aliwashutumu viongozi wapya kama alivyowashutumu wale wa zamani. Oktoba 1968 dini yake ilipigwa marufuku tena, mara hii na serikali ya Waafrika. Alifungwa mara kadhaa katika miaka iliyofuata. Alifariki Juni 1987, akiwa mzee wa takriban miaka 75 hadi 79.

Vijana wa leo wakati mwingine hudhani kwamba Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega kimepewa jina lake. Sivyo. Chuo hicho kinamuenzi Masinde Muliro, mwanasiasa wa Trans Nzoia aliyefariki mwaka wa 1992. Kuchanganya majina hayo ni dalili ndogo ya jinsi kumbukumbu inavyofifia isipotunzwa.

Waliofuata nyayo

Kazi ya kuzisoma ngome kwa utaratibu wa kitaalamu ilianza Masinde akiwa bado hai. Mtafiti R.T.K. Scully alichapisha makala yake kuhusu ngome za Wabukusu wa mashariki mwaka wa 1969, na mwaka wa 1979 akachapisha nyingine iliyoshughulikia makazi ya karne ya 19 katika eneo la Bungoma pamoja na masimulizi ya wenyeji. Umuhimu wa kazi hiyo ni kwamba iliweka udongo na ulimi pamoja. Handaki bila masimulizi ni shimo tu, na masimulizi bila handaki huweza kupingwa na yeyote.

Huko Kitale, Kanali Stoneham alifariki mwaka wa 1966 akiwa ameacha mkusanyiko wake kwa taifa. Mwaka wa 1974 Makavazi ya Taifa ilifungua jengo jipya mjini humo, likawa jumba la kwanza la makumbusho la mkoa katika Kenya ya bara. Uani zilijengwa nyumba za kienyeji za jamii za eneo hilo, na msitu mdogo ukahifadhiwa ili wanafunzi wautembelee. Mlango uliokuwa umefungwa kwa mtoto wa skwota ulifunguliwa kwa mtoto wa shule.

Bungoma nayo ilitoa mtaalamu wake. Profesa Simiyu Wandibba, mwanaakiolojia na mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alihariri kitabu kuhusu historia na utamaduni wa watu wa Bungoma kilichochapishwa mwaka wa 1985, miaka miwili kabla ya kifo cha Masinde. Utafiti wake kuhusu vyungu ulionyesha kuwa kigae kilichookotwa shambani kinaweza kufafanuliwa na mfinyanzi aliye hai kijijini.

Ardhi yenye wenyewe wengi

Hata hivyo, kuna hatari katika kusoma mabaki ya kale, na eneo la Elgon linaijua vyema. Alama ya kale ikigeuzwa hati ya kumfukuza jirani, elimu huwa silaha. Mapigano ya ardhi ya kati ya 2006 na 2008 katika Mlima Elgon yaliacha majeraha ambayo hayajasahauliwa.

Chetambe yenyewe ni somo dhidi ya hatari hiyo. Ngome ina jina la Mtachoni, waliokimbilia humo walikuwa Wabukusu, na ufundi wa kujenga kuta hizo ulienea kwa makabila jirani. Mashimo ya Sirikwa yanahusishwa na mababu wa jamii za Wakalenjin, ilhali masimulizi ya Wabukusu nayo yanaitaja Sirikwa katika safari zao za kale. Mapango ya Elgon yalikuwa makazi ya watu na ng'ombe wao Joseph Thomson alipoyafikia mwaka wa 1883. Waogiek wa Chepkitale, ambao ardhi yao ilitangazwa hifadhi ya wanyama mwaka wa 2000, wanayataja makazi na makaburi ya wazee wao wanapodai haki.

Akiolojia inayowashirikisha vijana wa jamii hizi zote haiwezi kumpa kila mmoja ardhi aitakayo. Inaweza, hata hivyo, kuwaonyesha kwamba hakuna aliyewahi kuishi hapo peke yake.

Urithi unaolimwa

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 inalinda mabaki ya kale, na katiba ya 2010 inatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Lakini sheria haikai shambani. Ngome nyingi za Bungoma zimo katika mashamba ya watu binafsi, na kila msimu wa kulima plau huteremsha tuta kidogo na kujaza handaki kidogo. Mwenye shamba halaumiki ikiwa hakuna aliyemweleza kilicho chini ya mahindi yake.

Kinachohitajika si fedha nyingi. Mwanafunzi wa shule ya upili akiwa na kamba, daftari na simu yenye kamera anaweza kupima handaki, kuandika jina la ngome, ukoo ulioijenga na rika lililoishi humo. Anaweza kumwuliza bibi yake jina la kila sehemu ya chungu kabla ya jina hilo kupotea. Anachopaswa kukatazwa ni kuchimba bila mtaalamu, kwa kuwa tabaka la udongo likishavurugwa halirudishwi, na kuuza anachookota.

Matokeo yanafaa kuwekwa mahali ambapo jamii itayafikia, iwe ni maktaba ya shule au jumba la makumbusho la Kitale, badala ya kuishia kwenye jarida lisilofika Kimilili.

Masinde alifanya kazi hiyo kwa njia ya nabii na mwanasiasa, akiwa na hasira ya mtu aliyenyang'anywa. Kizazi cha sasa kinaweza kuifanya kwa utulivu zaidi. Mwaka wa 1947 palikuwa bado na wazee walioviona vita kwa macho. Leo hakuna hata mmoja, na watoto waliosikia kutoka kwao nao wameanza kuondoka. Shahidi wa tatu, kilima cha Chetambe, bado yupo, ila naye kila msimu wa mvua hupoteza udongo wake kidogo.